Taa au Geji? Mjadala wa Presha ya Oili kwenye Mpando wa Karuba

Barabara itokayo Goma kwenda Masisi hufika Sake, kama kilomita 25 hivi, kisha huliacha Ziwa Kivu na kuanza kupanda. Ziwa liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari; milima ya Masisi inapita mita 2,000. Magari yanayopanda kuelekea Karuba na Mushaki, na kuteremka yakiwa na viazi, maharage, mbao, jibini na madini ya Rubaya, mengi yake yalikwisha kufanya kazi miaka mingi kwingine kabla ya kufika Kongo. Hupanda kwa gia ya kwanza na ya pili, yamejazwa kupita kiasi, kwenye tope wakati wa mvua na kwenye vumbi wakati wa kiangazi. Injini ikikamata hapo, gereji nzuri iko mbali na krenki nyingine iko mbali zaidi.

Swali la mjadala huu ni dogo kwa umbo lakini lina fedha nyingi ndani yake. Je, mwenye gari linalofanya kazi kwenye mpando huu afunge geji ya presha ya oili, au taa nyekundu iliyotoka nayo kiwandani inatosha? Nimezipa hoja za kila upande sauti ya mtu anayezibeba: mwenye kamyo, shofa, fundi na muuza vipuri. Msimamo wangu nautangaza mapema ili msomaji anipime: geji ni ya lazima kwa gari la kazi, lakini thamani yake haimo kwenye mshale. Imo kwenye kumbukumbu ya namba za injini hiyo hiyo, siku kwa siku, na kwenye makubaliano ya nani atasimamisha gari namba zikiharibika. Geji isiyo na mambo hayo mawili ni pambo la dashibodi.

MWENYE KAMYO: Ndugu mwandishi, Wajapani waliotengeneza gari hili hawakuwa wajinga. Geji ingehitajika wangeiweka wenyewe. Wao wameweka taa. Taa ikiwaka, shofa anasimama. Kwa nini nitoboe dashibodi kwa jambo ambalo kiwanda kilishalimaliza?

MWANDISHI: Tuanze na kazi inayofanywa na taa. Taa ya oili haipimi kitu. Nyuma yake kuna swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloku, yenye kiwambo na springi. Presha ikivuka kiasi fulani swichi hukata umeme na taa huzima. Ikishuka chini ya kiasi hicho taa huwaka. Kwa magari mengi kiasi hicho kiko kati ya bar 0.2 na 0.5. Sasa fungua vitabu vya ukarabati vya injini nyingi za Toyota. Vinadai presha isiyopungua 0.3 injini ikiwa ya moto na iko ralanti, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa, na isiyopungua 2.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba, ambacho kwa kazi yetu ni sawa na bar. Linganisha namba hizo. Injini inayopanda mlima kwa mizunguko 3,000 huku presha yake ikiwa 1 imepoteza zaidi ya nusu ya kile kitabu kinachodai, na taa imezima kimya. Ikishuka hadi 0.6 taa bado imezima. Itakapowaka, beringi za krenki zitakuwa zimekwisha kusagana bila kinga kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Kwa hiyo mzee, taa haimwambii shofa kwamba mambo yanaharibika. Inamwambia kwamba yamekwisha kuharibika, na mara nyingi anachookoa kwa kusimama hapo ni bloku tu, si krenki.

Ama hoja kwamba kiwanda kilishaamua, kiwanda kiliamua kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza: gari jipya, barabara ya lami, oili inayobadilishwa kwa wakati, na gereji ya kampuni iliyo karibu. Toyota hiyo hiyo ilipotengeneza gari la kazi ngumu, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoanza mwaka 1984, iliweka geji ya presha ya oili kwenye dashibodi ya aina nyingi za gari hilo. Corolla na Hiace nyingi zilipewa taa peke yake. Tofauti hiyo haitokani na ujinga wala ubahili, inatokana na kazi iliyotarajiwa. Hiace inayopandisha watu 20 na magunia yao hadi Karuba inafanya kazi ya Land Cruiser, lakini macho yake ni ya gari la mjini. Tazama pia angani. Kanuni za Marekani za usafiri wa anga, kifungu cha 91.205, zinataka ndege iwe na geji ya presha ya oili kwa kila injini inayolainishwa kwa presha, kwa sababu rubani hawezi kuegesha pembeni taa ikiwaka. Miaka ya 2000 ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara ya Kilambo, huko Walikale, kuchukua kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie. Hakuna aliyeona ajabu kwamba marubani wake walikuwa na geji. Kamyo iliyobeba tani tano kwenye tope la Masisi nayo haina pembeni pa kuegesha.

FUNDI: Mimi nakubali kwamba taa huchelewa. Lakini dawa ni oili, si geji. Gari likija kwangu taa inamemeteka ralanti baada ya mpando, naondoa 15W-40, natia SAE 50, naongeza ralanti kidogo. Taa inazima, presha imepanda, mteja anarudi kazini.

MWANDISHI: Hapo fundi amegusa kiini cha jambo, na ndipo ninapotofautiana naye zaidi. Presha haitengenezwi na pampu peke yake. Pampu husukuma oili; presha ni kipimo cha ugumu unaoikuta oili ikijaribu kupita kwenye nafasi nyembamba kati ya krenki na beringi zake. Nafasi hiyo ikipanuka kwa kulika, oili hupita kirahisi na presha huanguka. Na haianguki kwa kiwango kile kile cha kulika: mtiririko kupitia nafasi nyembamba huongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana wake, yaani nafasi ikiwa mara mbili, oili inayovuja hapo kwa presha ile ile huwa mara nane. Ndiyo maana injini huonekana nzima kwa muda mrefu kisha hufa kwa ghafla. Oili nzito huficha upana huo. Kipimo cha SAE kinasema oili ya 40 ikiwa na joto la nyuzi 100 iwe na mnato wa kati ya sentistoki 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili mshale utapanda, lakini nafasi ya beringi haijarudi hata kwa unene wa unywele. Asubuhi ya baridi, oili hiyo nzito itachelewa pia kufika juu kwenye kamshafti, na injini itaanza siku yake ikiwa kavu.

Kuongeza ralanti ni kubaya zaidi, kwa kuwa kunazima taa bila kutibu kitu. Sisemi oili nzito haina mahali pake. Mpando wenyewe unaidhuru oili. Hewa nyembamba ya juu hubeba joto kidogo kutoka kwenye rejeta, gari linatambaa bila upepo wa kulipooza, na kwenye mita 2,000 maji yasiyo na kifuniko cha presha huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Joto huilegeza oili, na nozeli mbovu ya dizeli huweza kuichanganya na mafuta ikalegea zaidi. Huenda injini iliyochoka inastahili oili nzito zaidi. Lakini uamuzi huo ufanywe mbele ya namba: presha ilikuwa ngapi kabla, ni ngapi sasa, inaendeleaje mwezi ujao. Fundi anayebadilisha oili bila geji anatibu taa. Fundi mwenye geji anaweza kumwambia mwenye gari, kwa ushahidi, kwamba oili hii imetununulia muda na beringi zibadilishwe kabla ya mvua.

MUUZA VIPURI: Basi papa, mimi ninazo. Hii ina taa ya buluu, hii ina namba za kidijiti, zote zimetoka Dubai. Geji ni geji. Sensa ikipotea njoo uchukue nyingine yoyote.

MWANDISHI: Geji si geji, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao na kuapa kwamba kifaa chenyewe ni uongo. Geji ya umeme ni sehemu mbili, sensa kwenye injini na saa kwenye dashibodi, zinazozungumza kwa ukinzani wa umeme, na sehemu hizo lazima zizungumze lugha moja. Sensa za mtindo wa VDO wa Ujerumani huwa na omu 10 presha ikiwa sifuri na karibu omu 180 presha ikiwa juu kabisa. Sensa za mtindo wa Kimarekani huenda kinyume: omu 240 kwa sifuri, omu 33 kwa juu kabisa. Mtu akifunga sensa ya mtindo wa kwanza kwenye saa ya mtindo wa pili, mshale utakuwa umejaa hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, na utashuka presha inapopanda. Ukiona mshale unaonyesha presha wakati ufunguo umewashwa na injini haijazunguka, usitafute ugonjwa kwenye injini. Tafuta ndoa mbaya kati ya sensa na saa. Masafa nayo yalingane: sensa ya bar 5 kwenye saa ya bar 10 itaonyesha mara mbili ya kilichopo, nao ni uongo wa hatari kuliko wote, kwa sababu unapendeza. Kwa hiyo nunua saa na sensa zikiwa seti moja, na uandike ndani ya kitabu cha gari namba iliyochongwa kwenye sensa, ili siku ikifa ununue ile ile.

Mambo mengine matatu yaangaliwe dukani kabla ya kulipa. La kwanza ni volti. Pikapu na Hiace nyingi hutumia volti 12, makamyo mengi ya Kijapani hutumia betri mbili zilizofungwa kuwa volti 24, na Land Cruiser ziko za aina zote mbili. Saa ya volti 12 ikifungwa kwenye 24 haitadumu. La pili ni upana wa kipimo. Saa inayofika bar 10 inapendeza, lakini sehemu unayohitaji kuisoma kwa makini ni kati ya 0 na 3, na kwenye saa hiyo sehemu hiyo imebanwa. Saa ya bar 7, ambayo ni sawa na psi 100, inatosha kwa injini nyingi, kwani hata zikiwa baridi mara chache hupita 6, na inakuachia nafasi ya kuona tofauti ya nusu bar. La tatu ni ukweli wa saa yenyewe. Mazda MX-5 za mwanzo zilikuwa na geji halisi. Katikati ya miaka ya 1990 kiwanda kiliibadilisha kwa mshale unaosukumwa na swichi tu, unaosimama katikati mradi presha haijaanguka kabisa. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wenye magari walitishika kuona mshale ukishuka injini ikipata moto, jambo ambalo ni la kawaida kabisa. Basi geji ambayo mshale wake hausogei unapokanyaga na kuachia, injini ikiwa ya moto, haipimi kitu.

FUNDI: Kama ni hivyo, tuache umeme. Geji ya bomba ndiyo ya kweli. Oili yenyewe inafika kwenye saa, hakuna omu, hakuna volti.

MWANDISHI: Fundi ana haki kuhusu usahihi. Geji ya bomba hutumia mrija wa shaba uliopinda ambao hujinyoosha presha ikiingia ndani yake. Mfaransa Eugène Bourdon aliupatia hataza mwaka 1849, na hadi leo ni miongoni mwa vipimo vya kuaminika vilivyopo. Wala urefu wa mlima hauidanganyi, kwa kuwa hupima tofauti kati ya oili na hewa iliyoizunguka, na hiyo ndiyo tofauti inayozifanyia kazi beringi. Lakini kuwa sahihi ni sifa moja, na kufaa mahali ni sifa nyingine. Geji hiyo inahitaji kamrija ka nailoni au shaba kanachobeba oili ya moto kutoka kwenye bloku, kupita ukuta wa injini, hadi mbele ya magoti ya shofa. Gari linalotikiswa na mawe ya volkeno kutwa nzima litakasugua kamrija hako dhidi ya chuma mpaka katoboke. Hapo oili ya moto itamwagikia miguu ya dereva au itanyunyizia ekzosi, na injini itakuwa inapoteza oili kupitia kile kile kilichofungwa kuilinda.

Kwa hiyo napendekeza kugawana kazi. Ndani ya gari, geji ya umeme, ambayo waya wake ukikatika hakuna tone linalomwagika. Gerejini, geji moja nzuri ya bomba, mali ya fundi, ya kufungwa kwa dakika chache pale swichi inapokaa. Kila gari linalofungwa geji ya umeme lipimwe mara moja kwa hiyo ya bomba, injini ikiwa ya moto, ralanti na kwenye mizunguko 2,000, na tofauti kati ya saa hizo mbili iandikwe. Saa ya umeme ikizidisha kwa bar 0.3 si kosa kubwa, mradi inajulikana na haibadiliki. Gereji yenye kifaa hicho pia haitamfungulia mteja sampu kwa kubahatisha: taa ikiwaka, fundi atajua kwanza kama ni presha au ni swichi iliyokufa.

FUNDI: Haya, nimekubali. Nitoe swichi ya taa, nifunge sensa mahali pake, kazi ya nusu saa.

MWANDISHI: Hapana, na hapa tusiharakishe, kwa sababu ufungaji mbaya umeua injini zilizokuwa nzima. Kwanza, taa isiondolewe. Geji husema mapema, lakini husema na anayeitazama tu. Taa husema na kila mtu. Funga kiungo chenye umbo la T, upande mmoja swichi ya taa, upande wa pili sensa. Au tafuta sensa yenye vichwa viwili, kimoja kimeandikwa G kwa ajili ya saa na kingine WK kwa ajili ya taa ya onyo. Hiyo hufanya kazi zote mbili kutoka tundu moja. Ama tredi, magari ya Kijapani kwa kawaida yana tundu la moja ya nane ya BSPT, yenye meno 28 kwa inchi na pembe ya nyuzi 55. Vifaa vya Kimarekani vina moja ya nane ya NPT, yenye meno 27 kwa inchi na pembe ya nyuzi 60. Kwa macho ni mapacha. Kwa mkono huingia mizunguko miwili, hata mitatu, kisha hukaza, na fundi hudhani imeshika. Akilazimisha kwa spana hupasua tundu la bloku. Akiacha hapo huvuja oili injini ikipata moto. Kanuni yake ni rahisi: kiungo kinachogoma mapema kwa mkono si cha tundu hilo, na kiunganishi cha kubadilisha tredi kinanunuliwa kabla ya swichi kufunguliwa.

Pili, uzito. Sensa ni nzito kuliko swichi, na T ya shaba nyeupe ikining'inia kwenye bloku ya dizeli inayotetemeka huchoka shingoni na kukatika. Ikikatika gari likiwa kwenye mzigo, pampu ile ile nzima itamwaga sampu yote barabarani kwa muda mfupi. Dawa ni kutoka kwenye bloku kwa hozi fupi iliyosukwa kwa nyaya za chuma hadi kwenye bamba lililofungwa kwa bolti kwenye bodi, na T pamoja na sensa zikae hapo, mbali na ekzosi. Tatu, ethi. Sensa ya waya mmoja hurudisha umeme kupitia mwili wake. Ikihamia kwenye hozi, au tepu ya tefloni ikizungushwa nyingi mno, njia hiyo hukatika na mshale hucheza wenyewe. Basi funga waya wa ethi kutoka kwenye T hadi kwenye bloku, na tepu ianzie tredi ya pili au ya tatu ili kipande chake kisikatike kikaingia kwenye njia ya oili. Nne, umeme wa saa utoke kwenye waya unaowashwa na ufunguo, upite kwenye fyuzi ndogo, na waya upitapo ukuta wa injini uvikwe mpira. Kisha injini iwashwe mpaka ipate moto, viungo vyote vipanguswe kwa kitambaa kikavu na kukaguliwa, na vikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza kupanda na kushuka.

SHOFA: Ndugu mwandishi, wote mmesema na mimi ndiye ninayekaa nayo. Barabara ile haitaki macho mawili, inataka manne. Mkiniwekea mshale unaopanda na kushuka kila nikikanyaga, nitautazama nini? Na nikisimama kwa sababu ya mshale, usiku, nina mzigo wa watu, nani atanilinda? Mzee atasema nimeogopa. Nikiendelea injini ikafa, atasema nimeiua.

MWANDISHI: Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na watu wa geji huipita haraka. Nianze na macho. Shofa hana haja ya kusoma namba njia nzima. Presha ya kila injini ina tabia yake, na tabia hiyo hujulikana kwa vipimo vitatu tu: asubuhi mara tu inapowaka, jioni ikiwa ya moto ralanti, na kwenye sehemu moja ile ile ya mpando, kwa gia ile ile. Vikiandikwa kwa wiki mbili vinatoa picha. Tuseme injini hii kwenye sehemu hiyo huonyesha 3. Mwezi ujao ikionyesha 2.8 hakuna kilichotokea. Ikionyesha 2.2, oili ile ile, mzigo ule ule, kuna jambo, na fundi aambiwe gari litakaporudi. Mshale ukianguka ghafla na kurudi kwenye kona au kwenye mwinamo mkali, mara nyingi oili imepungua na mdomo wa pampu unavuta hewa. Kijiti cha oili kitajibu kwa dakika moja. Chora alama nyekundu kwenye kioo cha saa pale ambapo injini hiyo haipaswi kushuka ikiwa kazini, na kazi ya shofa inakuwa kuangalia kama mshale uko upande huu au ule.

Nakiri pia kile geji isichoweza. Haionyeshi kiasi cha oili kilichomo. Inaweza kubaki shwari mpaka sampu ikaribie kukauka. Haionyeshi uchafu. Njia ya oili ikiziba mbele ya sensa, presha inaweza hata kupanda huku beringi moja ikifa kiu. Kwa hiyo haiondoi kijiti cha kila asubuhi, wala filta, wala kubadilisha oili kwa wakati. Anayefunga geji ili aache hayo amenunua hasara.

MWENYE KAMYO: Na kuhusu kusimama? Mimi nami nimeshapoteza mzigo wa viazi uliooza kwa sababu ya kijana aliyeogopa kelele.

MWANDISHI: Mzee, mapigano yalipofika Karuba na Mushaki mapema mwaka 2023, kisha Goma yenyewe mwishoni mwa Januari 2025, kila anayeendesha huko alijua kwamba mahali pa kusimama ni uamuzi wa usalama, si wa ufundi tu. Sitaki kuuchukulia wepesi. Lakini angalia kinachotokea sasa bila geji. Injini ikifa, mwenye gari anamlaumu shofa, shofa anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza oili, na kwa kuwa hakuna namba iliyoandikwa popote, anayelipa ni mwenye sauti ndogo kuliko wote, naye ni shofa. Mshahara wake unakatwa kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha. Daftari la vipimo hubadilisha kesi hiyo. Kama presha ilikuwa ikishuka kwa miezi mitatu na mwenye gari aliambiwa, kosa ni lake. Kama ilikuwa shwari mpaka siku moja ikaanguka kwenye mpando na shofa akaendelea kilomita kumi, kosa ni la shofa. Kama ilianguka mara baada ya kutoka gereji, fundi ana la kujibu. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo, makumi ya dola tu, kinachoweza kuwalinda watu watatu kwa pamoja dhidi ya gharama ya krenki, beringi na siku za gari kulala.

Kwa hiyo makubaliano yaandikwe siku ile ile geji inapofungwa, kabla gari halijatoka gerejini. Namba ya kwanza: ikifika hapa, shofa anapunguza mwendo, anaangalia oili mahali pa kwanza palipo salama, na kumpigia mwenye gari simu. Namba ya pili, iliyo juu ya ile ya taa kwa umbali wa kutosha: ikifika hapa injini inazimwa, mzigo uwe wa nani, na shofa hatakatwa hata franka moja kwa kusimama. Mwenye gari asiyekuwa tayari kutia saini sentensi hiyo ya pili asinunue geji, kwa sababu atakuwa amempa shofa ushahidi wa hatari na kumnyima ruhusa ya kuutumia. Aliye tayari kuitia atakuwa amefunga kifaa kamili: sensa kwenye injini, saa kwenye dashibodi, daftari chini ya kiti, na neno la mwenye gari nyuma ya mkono unaozima ufunguo.